Mama katuachia dhahabu ya kichwani yenye cheni na mawe, sonara anataka kuiyeyusha, nifanyeje?

Swali la dada wa Tanga nimelifupisha hivi. Mama yake kafariki, kwenye sanduku lake kakuta pambo la dhahabu la kuvaa kichwani ambalo mama aliachiwa na bibi, na bibi huyo aliolewa na Mwarabu akakaa Ghuba miaka mingi kabla ya kurudi. Lina sahani ya duara saizi ya kisahani cha kahawa, pembeni zinaning'inia cheni nyingi zenye vijani vya dhahabu mwishoni, kuna mawe ya samawati na mekundu na vijishanga vyeupe vidogo, na nyuma kuna kitu cheusi kama gundi. Halina muhuri wowote. Sonara kamwambia hiyo kazi ya Kihindi tu, haina maana, aiyeyushe ampe bangili. Kaka zake wawili wanataka liuzwe wagawane, na binti yake anataka alivae harusini kwake. Anauliza ni nini hicho, ni dhahabu kweli, na afanye nini.

Haya dada, kwanza pole sana kwa msiba, Mungu amrehemu mama. Pili, kabla sijaingia kwenye maelezo, usimpe mtu yeyote hicho kitu akakiyeyusha, hata kama kaka zako wamekukalia kooni. Dhahabu haiozi, ukitaka kuyeyusha mwakani utayeyusha, ila ukishayeyusha leo hamna fundi wa kukurudishia ulichokuwa nacho.

Kwa ulivyoeleza hiyo ni taasa, au kama sio yenyewe basi ni ndugu yake wa karibu sana. Taasa ni pambo la Ghuba, hasa Imarati, yaani Falme za Kiarabu, sahani inakaa utosini kabisa na cheni zinashuka kuzunguka kichwa juu ya nywele, wanavaa maharusi na siku hizi hata vitoto vya kike siku za Idi unawaona nazo, za kwao nyepesi nyepesi. Ukienda Bahrain na Kuweit kuna qubqub, wenyewe wengine wanaitamka gubgub, nayo ni ya kufunika utosi, na Kuweit na upande wa Najd kule Saudia utasikia pia hama. Mipaka ya haya majina sio ya kisu, manake masonara walikuwa wanahama, maharusi wanaolewa nchi ya pili, pambo linafungwa sandukuni linasafiri na mwenyewe, kwa hiyo usigombane na mtu kama Mbahrain kaliita hivi na Mdubai kaliita vile.

Ninachojua kwa uhakika ni kwamba sio la kwengine. Waarabu ni wengi na kila upande una kitu chake cha kichwani. Lingekuwa utepe wa maua maua ya dhahabu na vito unaopita kwenye paji la uso na matone yananing'inia juu ya nyusi ningekwambia hiyo khit er-rouh, ya Algeria, watu wa Algiers wanaijua vizuri na biharusi wa kule mpaka leo hajakamilika bila hiyo. Vipande vya dhahabu vilivyoungwa kwa bawaba vikasimama kama taji, vina zumaridi na yakuti, hayo ni mambo ya Fez, Morocco. Sarafu zimeshonwa safu safu kwenye kofia ya kitambaa, hapo tunaenda Palestina, Bethlehemu walikuwa na shatweh na Ramallah walikuwa na smadeh, nyingi sarafu zake ni fedha sio dhahabu. Na mabibi wa Lebanon wa karne ya 19 walikuwa wanavaa tantour, pembe ndefu ya madini ya thamani imesimama juu ya kichwa na shela inaangukia nyuma, hiyo sijui walikuwa wanapitaje mlangoni lakini walivaa. Lako lina sahani, cheni na feruzi, yaani hayo mawe ya samawati, hilo ni Ghuba.

Sasa hilo la sonara wako kusema kazi ya Kihindi. Kasema nusu ya ukweli akaitumia kukudanganya, au labda mwenyewe hajui, sitaki kumpa dhambi. Dhahabu ya Ghuba ya zamani na India haviachani hata kidogo. Ghuba walikuwa wanauza lulu, na lulu zilikuwa zinaenda Bombay, na kutoka Bombay vinarudi mchele, vitambaa, mbao na dhahabu. Rupia ya India ndiyo ilikuwa pesa ya kule mpaka miaka ya 1960. Wafua dhahabu wa Kigujarati na Kikachi walikuwa na maduka Maskati, Manama, Dubai, na hata kwetu Unguja na Mombasa wengi wa masonara wa zamani ni hao hao. Mwarabu anaagiza, Mhindi anatengeneza kwa ladha ya Mwarabu, biharusi anavaa. Kwa hiyo mkono ni wa Kihindi kweli, lakini pambo lenyewe Mhindi hajawahi kulivaa, ya kwake ni tofauti. Hilo haliishushi thamani hata senti, tena ndio historia yake.

Na unajua kwa nini za zamani za kweli ni chache? Kwa sababu ya watu kama sonara wako. Kule kwenyewe ilikuwa ndio desturi, mwanamke akifariki vitu vyake vinauzwa, vinayeyushwa, biharusi mpya anataka kipya cha kwake asivae cha maiti. Ya fedha ilikuwa hivyo hasa, Oman na bara Arabu yote, ndio maana hata kwenye makumbusho vitu vingi utakuta havizidi sana miaka mia. Halafu likaja anguko la lulu, Wajapani wakaanza kuzalisha lulu za kufuga na uchumi wa dunia ukaanguka kuanzia 1929, miaka ya 30 Ghuba ikapigika vibaya, watu wakauza mpaka vya mwilini. Kilichovuka hapo kimevuka kwa bahati au kwa ubishi wa mwanamke fulani.

Sasa twende kwenye kazi. Watu wote wakipata kitu kama hiki wanakimbilia mizani. Mizani itakwambia uzito basi, haikwambii nani, wapi wala lini. Wewe kigeuze. Tandika kitambaa cheupe mezani, kaa dirishani asubuhi, kilaze kifudifudi, chukua lenzi au hata kamera ya simu uivute karibu, uanze kusoma nyuma.

Hicho cheusi kama gundi ni lakiri au utomvu mwingine wa kujazia. Fundi alichukua bati la dhahabu jembamba mno, akaligonga nakshi zikatokea kwa mbele, nyuma pakabaki bonde, akalijaza lakiri ili lisibonyee na ili litulize mawe. Hiyo inatupa mambo matatu kwa mpigo. Kwanza ni kazi ya mkono ya mtindo wa zamani wa Kihindi, za kiwandani za leo nyuma ni safi au zina matundu ya mashine yaliyolingana. Pili, sehemu ya uzito unaouona kwenye mizani sio dhahabu, ni lakiri. Tatu, na hili usilisahau, lakiri inalainika kwa moto, kwa hiyo fundi yeyote akija na moto wake kuchomelea kikulabu kidogo tu, mawe yote yanaweza kumdondokea mezani.

Halafu angalia vitundu vya pembeni vinavyoshika cheni. Vihesabu, uhesabu na cheni. Mara nyingi utakuta vitundu vingi kuliko cheni. Hapo usidhani imeharibika, inawezekana kabisa bibi au mama yake aliuza cheni moja mwaka wa shida, akauza nyingine mwaka mwingine. Haya mapambo yametengenezwa kwa vipande vinavyochomoka na wenyewe walikuwa wanajua wanachofanya, dhahabu ya mahari ni mali ya mwanamke peke yake, mume hana ruhusa ya kuigusa, kwa hiyo akiba yake yote iko pale kichwani na shingoni na anaitoa kipande kipande akitaka bila kuharibu kilichobaki. Angalia na kingo za vile vitundu, kama vimelika vikawa vyembamba upande mmoja basi kilivaliwa kweli, sio cha kupigia picha. Ukikuta cheni mbili tatu zina pete za duara zilizobanwa na mashine na zingine zote zimefumwa kwa mkono, mtu alizibadilisha baadaye. Usizijaze zilizopotea. Kiache hivyo hivyo.

Kama kuna sarafu popote, isome. Pambo haliwezi kuwa la zamani kuliko sarafu yake mpya kabisa, labda kama ilitundikwa baadaye. Ila angalizo, ukikuta riale kubwa ya fedha ya yule mama mnene Maria Theresa, malkia wa zamani wa Austria, imeandikwa 1780 usianze kupiga vigelegele, ile sarafu iliendelea kupigwa na tarehe ile ile ya 1780 kwa zaidi ya miaka mia mbili kwa sababu Waarabu na Wahabeshi walikuwa hawataki nyingine.

Kuhusu muhuri, kukosa muhuri sio dalili ya feki. Sonara wa mtaa wa zamani alikuwa hagongi 21 ya karati wala 875, yaani sehemu za dhahabu safi katika elfu, aliyenunua alikuwa anamjua yeye na baba yake. Tena mimi ningekuwa na wasiwasi zaidi kama kinaonekana cha kizamani halafu kina muhuri mpya unang'aa, kule Ghuba siku hizi kuna taasa za shaba zilizopakwa dhahabu za kukodisha maharusini na picha zake huwezi kutofautisha.

Kupima nenda kwa mtu mwenye jiwe la kupimia na tindikali au wale wenye mashine ya eksirei, ila sio yule yule anayetaka kununua. Na akipima apime sehemu nyingi, sahani peke yake, cheni peke yake, kulabu peke yake, vijani peke yake. Usishangae ukikuta namba tofauti, cheni 21 kulabu 18 ni kawaida, kulabu inatakiwa iwe ngumu. Ile mashine ina udhaifu wake pia, inasoma juu juu, fedha iliyopakwa dhahabu nene kwa zebaki kama walivyokuwa wanafanya zamani inaweza kuidanganya, kwa hiyo mwambie apime palipolika, kwenye zile kingo za vitundu nilizokwambia. Kama ndani kuna weupe utauona hapo. Tindikali isimwagwe kwenye pambo lenyewe, isuguliwe kidogo sana kwenye jiwe, sehemu ya nyuma, basi.

Mawe nayo. Ya samawati nategemea ni feruzi, iliyokuwa inasifika ni ya Nishapur, Iran, nchi iliyo ng'ambo tu ya maji kutoka kwa Waarabu wa Ghuba. Kama mengine yameshageuka kijani usikasirike, hiyo ni dalili nzuri kuliko mbaya, feruzi ina vitundu visivyoonekana, inanywa mafuta na jasho na manukato, miaka hamsini ya mafuta ya nywele lazima igeuke. Kioo hakigeuki. Mekundu, hapo nakuandaa kisaikolojia, mengi kwenye hizi kazi ni kioo chekundu au yakuti za hali ya chini, yamewekwa kwenye vikombe vilivyozibwa nyuma na ndani yake kuna kikaratasi cha madini kinachorudisha mwanga ndio yanawaka vile. Sio utapeli, ndio ufundi wenyewe ulivyokuwa, walikuwa wanatafuta rangi. Vijishanga vyeupe kisugue kimoja taratibu kwenye ncha ya jino, kikikwaruza kidogo kama kina vumbi ni lulu, kikiteleza ni kioo. Kama ni lulu na bibi alikuwa Ghuba kabla ya miaka ya 30 basi kuna uwezekano mkubwa ni za baharini za wapiga mbizi, hizo zina thamani yake peke yake. Jino halitakwambia kama ni ya asili au ya kufuga, hiyo inataka maabara, Bahrain wana taasisi yao inaitwa Danat kazi yake ni hiyo na nchi yao imepiga marufuku biashara ya lulu za kufuga. Kwa vijishanga vidogo hivyo sijui kama nauli inalipa, lakini ujue tu ipo.

Pesa sasa, manake najua ndio moto nyumbani. Tuseme kinapima gramu 180 na makadirio ya lakiri na mawe ni 40, inabaki 140, kama ni karati 21 hiyo ni asilimia 87.5, kwa hiyo dhahabu safi humo ni gramu 122 na nusu. Hiyo ndio sakafu, bei ya chini kabisa ambayo hata mjinga hatakiwi kuivuka. Angalia hesabu ya sonara wako inavyokula pande mbili, akikuyeyushia atakata lakiri, mawe na hasara ya moto, mawe yenyewe anabaki nayo, halafu akupe bangili na ujira juu ambao ukienda kuuza hiyo bangili kesho haurudi. Kitu kizima chenye cheni zake na lulu zake watu wa Imarati, Bahrain na Oman wanaokusanya vitu vya kale wanalipa juu ya hiyo sakafu, juu kiasi gani inategemea kina hali gani na nyuma pakoje, sitaki nikutajie namba nikuwekee tamaa.

Kaka zako wana haki yao, wala usilifiche sandukuni ukasema mama kakuachia wewe kama hakusema mbele ya watu akiwa hai. Kama warithi ni nyie watatu tu basi ni mafungu matano, kila kaka mawili na wewe moja. Ila haki yao iko kwenye thamani sio kwenye nyundo. Mkipata makadirio ya watu wawili wasiojuana mkayaweka pamoja na vitu vingine vya mama, wewe unaweza kulichukua kama sehemu ya fungu lako na kuwafidia kinachozidi, hata kwa awamu wakikubali, muandikiane, muende kwa kadhi akawapangie vizuri. Wanaume wengi ukiwawekea namba ya mauzo mbele pamoja na namba ya kuyeyusha wanatulia ghafla.

Na binti, avae. Vitu hivi vimetengenezwa kuvaliwa. Ila asikining'inize kwenye mtandio kwa pini mbili za ofisini kama ninavyoona kwenye picha, zile cheni zitavuta na kitundu kimoja kitachanika katikati ya ukumbi. Wenyewe walikuwa wanasuka nywele kwanza na pambo linashikizwa kwenye misuko. Kwa biharusi wa kwetu mwenye ushungi fanya hivi: tafuta mshonaji akushonee kikofia laini cha mahameli kinachobana, cha rangi ya nywele au ya shela. Sahani ishikizwe juu yake kwa uzi wa hariri kupitia vitundu vya pembeni, pointi nane au zaidi zilizozunguka, uzito ugawanyike. Cheni zishonwe tone moja moja karibu na zinapoanzia ili zisipigane na kunasa kwenye leso na hereni. Harusi ikiisha unakata uzi, dhahabu haijaguswa.

Kufukiza udi, kupaka mafuta, dawa ya nywele, manukato, vyote vimalizike kwanza, vikauke, pambo ndio liwe la mwisho kupanda na la kwanza kushuka. Na kabla ya harusi mtu asije akaliosha. Hamna sabuni, hamna dawa ya meno, hamna siki, hamna ile mashine ya masonara inayotetemesha maji. Maji yakiingia nyuma ya yale mekundu kile kikaratasi kinaoza na jiwe linakuwa jeusi milele. Brashi laini ya vipodozi iliyo kavu, basi, na ile weusi kidogo iliyobaki kwenye nakshi iache, ndio inafanya nakshi zionekane.

Kama kuna cheni imekatika na unaona lazima iungwe, mwambie fundi aifunge kwa waya mwembamba wa dhahabu bila moto. Akikwambia ataweka lehemu ya bati dakika moja tu, chukua kitu chako uondoke, risasi iliyo kwenye ile lehemu ikishakutana na dhahabu inaifanya ivunjike ovyo na kuitoa ni balaa. Halafu nipigie picha za nyuma, sahani nzima kwanza, kisha kila upande kwa karibu na rula imelazwa pembeni, na hesabu ya vitundu na cheni uniandikie, nitakwambia vizuri zaidi kama ni ya Imarati au ya Bahrain.